Figili kando ya Ziwa Victoria: pakiti imeandikiwa baridi, sisi tuna jua

Pakiti nyingi za mbegu za figili zinazofika kwenye maduka ya pembejeo hapa Mwanza zimeandikwa kwa ajili ya mkulima wa nchi ya baridi. Panda baridi inapoisha, panda tena kabla haijarudi, chagua mahali penye jua siku nzima, vuna baada ya siku 25. Mtu wa Buhongwa au Igoma akiyafuata maneno hayo kama yalivyo, anapata majani marefu ya kupendeza na chini yake uzi mwekundu usiotafunika. Kisha anaambiwa figili haikubali Mwanza. Inakubali, tena vizuri, ila maelezo ya pakiti yanataka kusomwa upya na mtu anayejua kwamba yuko nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, pembeni ya ziwa.

Nazungumzia figili ya kizizi, ile ndogo ya mviringo yenye ganda jekundu na nyama nyeupe, pamoja na ndugu yake mrefu mweupe. Dukani taja hivyo hivyo, maana ukisema jina tu unaweza kupewa mbegu za figiri ya majani, mboga ya kupika isiyojaza kizizi hata ukiitunza vipi.

Kwa nini watu wa baridi wanaipenda hivyo

Figili ni mmea wa ubaridi. Hewa inayoifaa kuliko zote ni nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi. Mbegu yake inaanza kuota udongo ukiwa na nyuzi 5 tu, na mche mchanga unastahimili jalidi nyepesi, yaani umande ulioganda kwa baridi, bila kufa. Ndiyo maana Fairbanks kule Alaska, au Tromsø kaskazini mwa Norwei, ambako muda wa kulima ni miezi michache tu, figili ni kati ya mazao ya kwanza kuingia ardhini barafu ikishayeyuka. Zao la wiki nne halina muda wa kukutwa na jalidi.

Nao wana shida zao mbili. Udongo baridi unachelewesha kila kitu: mbegu ambayo kwetu inachungulia siku ya tatu au ya nne, kwao inaweza kulala ardhini zaidi ya siku kumi. Kwa hiyo wanafunika matuta kwa kitambaa chepesi cheupe kinachopitisha mwanga na maji, kuhifadhi joto kidogo la mchana na kuwazuia nzi wanaotaga kwenye shingo ya mmea. Shida ya pili ni mwanga wenyewe. Tromsø jua halizami kabisa kwa wiki nyingi kati ya Mei na Julai, na figili ni mmea unaopima urefu wa mchana. Mchana ukirefuka sana unaacha kujaza kizizi, unasimamisha shina na kutoa maua. Mkulima wa huko anapanda mapema sana, au anasubiri mchana uanze kufupika.

Hilo la mwanga halituhusu. Mwanza mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima, Januari kwa Juni. Figili yako ikitoa maua kabla ya wakati, usimlaumu mwenye mbegu. Tafuta joto, kiu, msongamano, au umri: umeiacha shambani kupita siku zake.

Kwetu kilichobaki ni joto. Mchana tunacheza kati ya nyuzi 27 na 30 karibu mwaka mzima, na usiku unashuka hadi 15 au 18. Usiku huo ndio unaotuokoa. Figili inafanya kazi nzuri tangu jua linapozama hadi katikati ya asubuhi inayofuata, halafu inasimama. Kati ya saa tano asubuhi na saa kumi jioni, jua likiwa juu ya kichwa, majani yanalegea, mmea unapunguza kasi ya kutengeneza chakula, na kizizi hakiongezeki. Mtu wa Alaska anahesabu wiki zake kati ya jalidi na jalidi. Sisi hatuna haja ya kuhesabu wiki. Msimu wetu mfupi unarudi kila siku, na kazi yote nitakayoeleza hapa ni ya kupunguza makali ya saa hizo tano.

Ndugu zetu wa Makete na Njombe, wanaoona jalidi mwezi wa sita na wa saba, wako karibu zaidi na dunia ya ile pakiti. Wao waifuate tu.

Mahali kwanza, tarehe baadaye

Swali linaloulizwa zaidi ni "nipande mwezi gani?" Kwa maoni yangu swali kubwa zaidi ni upande gani wa nyumba.

Tuta likae mashariki mwa ukuta, mwembe au ua wa michongoma. Hapo linapata jua la asubuhi, ambalo ni la kazi, na kuanzia saa saba au saa nane kivuli kinaanza kulifunika. Upande wa magharibi ni kinyume chake: jua kali la alasiri likipiga tuta pamoja na ukuta ulioshika moto. Kwetu hapa kuna jambo ambalo pakiti haiwezi kulijua, nalo ni mawe. Miamba ya matale iliyojaa kuanzia Bugando hadi Capri Point na vilima vya Ilemela inanyonya joto mchana kutwa na kulitoa polepole usiku. Tuta lililobanwa na jiwe kubwa linakosa ule ubaridi wa usiku ambao ndio mtaji wetu. Liweke mbali na jiwe mita tatu au nne, au tafuta upande wa jiwe unaopata kivuli alasiri.

Kama kiwanja hakina kivuli chochote, simamisha vigingi vya urefu wa mita moja na robo na utandike juu yake neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 40. Isipopatikana, nyasi zilizotawanywa nyepesi juu ya fito zinatosha, mradi ukisimama chini yake uone mwanga wa jua ukipenya kwa madoa. Kivuli kizito kupita hapo kinarudisha ugonjwa ule ule wa majani marefu bila kizizi. Usiipande chini ya mgomba ukadhani umeisaidia.

Kuhusu miezi: kuna vipindi viwili vizuri. Cha kwanza ni wakati wa mvua, Novemba hadi Desemba na Machi hadi Mei, mawingu yanapopunguza jua. Hatari yake ni mvua ya ghafla inayopiga mbegu, kuzifukua na kuzisukumia mtaroni. Cha pili ni Juni na Julai, usiku unapokuwa na ubaridi kuliko wakati mwingine wote wa mwaka. Hapo lazima uwe na maji ya uhakika kwa sababu hewa ni kavu na upepo unakausha udongo haraka. Ningechagua Juni na Julai kwa mtu mwenye kisima au bomba. Mwishoni mwa Septemba hadi mvua za vuli zinaposhika ni wakati mbaya: jua liko wima juu yetu, udongo umekauka, na uso wa mchanga mtupu saa nane mchana unaweza kupita nyuzi 40.

Kwa wanaolima ufukweni, kuanzia Luchelele hadi Igombe, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka ukingo wa maji. Na tusiiangalie kama usumbufu: samadi ikioshwa na mvua kuingia ziwani inalisha magugu maji yale yale yanayoziba mialo yetu.

Udongo

Wasukuma wana majina ya udongo yanayosema mengi kwa neno moja, na kwa figili ninayaamini. Luseni, ule mchanga mwepesi wa miteremko chini ya vilima vya mawe, ndio bora wa kuanzia: kizizi kinavimba bila kubanwa, tena ni rahisi kuondoa mawe. Kasoro yake ni njaa na kiu, haushiki mbolea wala maji. Mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, una rutuba lakini ukilowa unanata na ukikauka unapasuka, na figili ndani yake inatoka imejikunja. Ibambasi, ule unaogeuka sakafu wakati wa kiangazi, achana nao kwa zao hili, au jenga tuta la udongo wa kuleta juu yake.

Tengeneza tuta la bapa lenye upana wa mita moja ili ufike katikati bila kulikanyaga, na urefu wowote unaoweza kuumwagilia. Wakati wa mvua linyanyue sentimita 15 hadi 20. Wakati wa kiangazi fanya kinyume: lishushe kidogo chini ya usawa wa njia ili maji yasikimbie. Chimba kina cha sentimita 20 kwa figili fupi. Kila jiwe kubwa kuliko punje ya hindi litoke, kwa sababu kizizi kikigonga jiwe siku ya kumi kinagawanyika miguu miwili.

Mbolea: samadi ya ng'ombe iliyooza hadi ikawa nyeusi, inayomomonyoka mkononi na isiyonuka, debe moja la lita 20 kwa kila mita tatu za mraba. Ichanganye na udongo wa juu wiki mbili kabla ya kupanda. Samadi mbichi kutoka zizini usiitumie. Inachoma mche, inagawanya mizizi, inaleta sota, na juu ya yote figili inaliwa mbichi. Konzi mbili za majivu ya kuni kwa mita ya mraba zinaongeza potasi na kupunguza uchachu wa udongo wa kichanga, usizidishe hapo. Urea sahau. Naitrojeni nyingi inaotesha majani, na figili haina muda wa kubadili mawazo baadaye. Ardhi iliyowekewa urea kwa ajili ya sukuma wiki msimu uliopita ni mbaya kwa sababu mbili, maana sukuma wiki, kabichi na figili ni ukoo mmoja na wanaachiana wadudu na magonjwa. Fuata nyuma ya maharage, vitunguu au mahindi.

Magugu maji yanafaa kwa mboji, yakivunwa kabla ya kutoa maua, yakatandazwa juani yanyauke, kisha kuozeshwa pamoja na samadi na majani makavu. Yatoe sehemu safi, si kwenye mdomo wa mtaro wa mji, kwa kuwa mmea huo unanyonya na kuhifadhi uchafu mzito uliomo majini.

Kupanda

Jaribu mbegu kwanza. Unyevu wa kando ya ziwa unaua mbegu zilizokaa kwenye pakiti iliyofunguliwa. Weka kumi kwenye kitambaa kibichi ndani ya sahani, funika, ziangalie siku ya tatu na ya nne. Zikiota nane au zaidi, panda kama kawaida. Tano hadi saba, panda kwa wingi zaidi. Chini ya hapo usipoteze samadi yako.

Figili haihamishwi. Kitaluni usiipeleke: mzizi mkuu ukikatika wakati wa kung'oa mche, kizizi kinatoka kimepinda, au hakitoki kabisa. Panda moja kwa moja kwenye tuta.

Mwagilia tuta jioni iliyotangulia hadi unyevu ufike kina cha kidole kizima. Asubuhi chora mistari kwa fimbo, kila mmoja sentimita 15 kutoka mwenzake, kina sentimita 1 hadi 1.5. Kina ndipo watu wengi wanapokosea bila kujua. Sehemu tunayokula ya figili ya mviringo kwa kiasi kikubwa ni ile shingo kati ya mzizi na majani ya kwanza. Mbegu ikizikwa sentimita tatu, shingo inarefuka kutafuta mwanga, na badala ya tufe unapata kitu chembamba kama penseli. Ikiwa juu juu, mvua ya kwanza inaianika.

Weka mbegu moja kila sentimita mbili na nusu. Kwa mita ya mraba moja yenye mistari sita zinatosha mbegu 240 hivi, yaani gramu mbili na nusu hadi tatu. Fukia kwa udongo uliochekechwa, gandamiza kidogo kwa ubapa wa kiganja ili mbegu ishikane na udongo, kisha tandaza nyasi kavu nyepesi. Nyasi hizo ziondoe mara tu mche wa kwanza unapochungulia. Siku moja ya kuchelewa inatosha kurefusha shingo zote.

Usipande tuta zima kwa siku moja. Figili iliyokomaa inakaa vizuri ardhini siku tano au sita tu kwa joto letu. Kwa familia, mita moja ya mraba kila wiki inaleta mavuno yasiyokatika. Ukiwa na kabichi au karoti mpya zilizopandwa, chomeka figili katikati ya mistari. Itakuwa imeondoka kabla hazijahitaji nafasi.

Wiki ya pili ndiyo inayoamua

Majani mawili ya kwanza, yenye umbo la moyo, yakishafunguka na jani la kweli lenye kingo zilizochongoka likaanza kuonekana, ni siku ya saba hadi ya kumi. Hapo punguza miche ibaki kila sentimita tano. Fanya jioni, udongo ukiwa na unyevu, na badala ya kung'oa kata kwa mkasi usawa wa udongo ili usitikise mizizi ya jirani. Miche iliyokatwa ni mboga laini, ongeza kwenye kachumbari. Najua inauma kukata miche yenye afya, lakini miche miwili iliyobanana haitoi figili mbili ndogo. Inatoa majani mawili.

Kati ya siku ya kumi na ya kumi na tano inama uangalie shingo ya mche kwa karibu. Ngozi ya nje ya shingo inapasuka kwa urefu na kubanduka pande mbili, na ndani yake unaonekana wekundu mpya unaong'aa. Wapandaji wapya wanadhani ni ugonjwa. Ni kizizi kinaanza kuvimba na ngozi ya utotoni haikitoshi tena. Ukiona hivyo kwenye miche mingi, uko kwenye njia nzuri. Ukifika siku ya kumi na nane hujaona, msongamano au kivuli kimezidi, na kusubiri hakutasaidia.

Sasa maji. Milimita moja ya maji juu ya mita ya mraba moja ni lita moja, na kiangazi chetu kinanyonya milimita nne hadi tano kwa siku. Kwa hiyo hesabu ni lita tano kwa kila mita ya mraba kila siku isiyo na mvua, tatu asubuhi mapema na mbili jioni. Ndoo moja ya lita 20 inatunza mita nne za mraba. Kwenye luseni mgawanyo huo wa mara mbili ni wa lazima, kwa sababu maji yote yakimwagwa mara moja yanapita chini ya mizizi. Tumia keni yenye matundu madogo. Ukimwaga kwa ndoo unafukua shingo na kuacha kizizi nje juani, na sehemu iliyo nje inageuka ngumu.

Pima kwa kidole: chomeka hadi kifundo cha kwanza. Ukikuta ukavu hapo, figili tayari imesimama. Kinachoiharibu zaidi ni kubadilika-badilika. Siku tatu za ukame zinakaza ganda, halafu mvua ya usiku mmoja inavimbisha nyama ya ndani kwa kasi, na ganda linapasuka kutoka juu hadi chini. Figili iliyopasuka inalika siku hiyo, lakini sokoni haiendi.

Baada ya kupunguza, tandaza matandazo kati ya mistari: pumba za mpunga au nyasi zilizokatwa, unene wa sentimita mbili, bila kugusa shingo. Pumba za mashine za mpunga tunazo nyingi, zinaakisi jua na kufanya udongo wa juu usiwe moto. Kwa kilimo cha figili ukanda wa joto, naona matandazo yana faida kuliko mbolea yoyote ya dukani.

Chanzo cha maji kinahitaji uangalifu wa pekee kwa zao la kuliwa bichi. Maji ya mitaro ya mji, hata yakionekana meupe, yasiguse tuta hili. Maji ya ziwani yanafaa zaidi ukiyachota kwa pampu au kwenye gati, maana kuingia pembezoni bila viatu vya mpira ni kujitafutia kichocho. Na wiki ya mwisho kabla ya kuvuna, mwagilia chini kwenye udongo badala ya juu ya majani.

Wadudu

Adui mkuu ni viroboto wa mboga, vijidudu vyeusi vidogo vinavyong'aa na kuruka ukigusa jani. Vinatoboa matundu mengi madogo, na vikiikuta miche ya siku nne vinaweza kuimaliza ndani ya siku mbili. Vinapenda ukavu na joto, kwa hiyo tuta lenye unyevu limeshajikinga nusu. Nusu nyingine ni kufunika kwa neti nyeupe ya kuzuia wadudu tangu siku ya kupanda, kingo zikafukiwa udongo. Kupulizia dawa ya kiwandani zao linalovunwa siku 25 ni kucheza na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa. Nyingine zinazidi umri uliobaki wa mmea. Chandarua chenye dawa cha kulalia nacho kisitumike juu ya mboga ya kuliwa mbichi.

Vidukari vinakuja wakati wa ukavu, vinajificha chini ya jani. Maji ya sabuni ya mche, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni iliyokunwa kwa lita mbili, yakipulizwa jioni na kusuuzwa asubuhi, yanatosha. Viwavi vya nondo mgongo wa almasi viokote kwa mkono; tuta ni dogo. Sota anakata mche usiku usawa wa udongo: fukua kuzunguka mche ulioanguka asubuhi hiyo hiyo, utamkuta amejikunja sentimita mbili chini. Jongoo wanatafuna vizizi wakati wa mvua, hasa penye matandazo mazito. Kuku wa jirani ni hasara kubwa kuliko wote hawa kwa pamoja, weka wavu kabla ya mbegu.

Yule funza wa mizizi anayetajwa sana kwenye maelezo ya kigeni ni nzi wa nchi za baridi za kaskazini. Ukikuta mashimo kwenye kizizi hapa kwetu, tafuta jongoo, sota au mchwa kwanza.

Kuvuna, na kusoma kilichoharibika

Aina ya Cherry Belle inakuwa tayari siku 22 hadi 30. Usiongozwe na kalenda peke yake. Fukua kidogo kwa kidole: bega la kizizi likifikia upana wa sentimita mbili na nusu, ng'oa. Vuna asubuhi mapema, mmea ukiwa umejaa maji. Kata majani mara moja ukiacha kikonyo cha sentimita mbili, kwa sababu majani yanaendelea kunyonya maji kutoka kwenye kizizi na ndani ya saa chache figili inakuwa laini. Majani yapike na karanga kama mchicha, ule ukwaruzo wake unaisha ukichemka. Vizizi osha kwa maji safi, funga kwa kitambaa kibichi, weka kivulini au kwenye jokofu. Kwa soko fanya mafungu ya vizizi kumi vinavyolingana. Anayeuzia mahoteli afahamu kwamba wao wanataka majani yabaki kwa ajili ya muonekano, hivyo avune siku hiyo hiyo ya kupeleka.

Kata moja katikati kabla ya kung'oa zote. Nyama nyeupe iliyokaza ni salama. Nyama yenye vitundu kama sifongo ni ya kupitiliza umri au ya wiki yenye joto kali, na zilizobaki ardhini hazitarudi kuwa nzuri. Ukali unaopanda puani unatokana na joto na kiu: mmea ulioteseka unakusanya viasili vya salfa, na ukiutafuna vinakutana na kimeng'enya chake na kugeuka ukali. Kimeng'enya hicho kimejaa zaidi kwenye ganda, kwa hiyo figili kali menya, kata vipande vyembamba, nyunyiza chumvi, iache dakika kumi kisha suuza. Itakaa vizuri kwenye kachumbari ya sato wa kukaanga.

Ile nyeupe ndefu, inayojulikana pia kwa jina la Kijapani daikon, inavumilia joto letu kuliko nyekundu, na ningemshauri anayepanda kwa biashara aanze nayo. Inapikwa na familia nyingi za Kihindi mjini, na Wachina wanaitafuta. Yataka kuchimbwa sentimita 35 hadi 40, mistari sentimita 30, mmea na mmea sentimita 15 hadi 20, na siku 50 hadi 65. Bega lake linachomoza juu ya udongo lenyewe. Lipandishie udongo kidogo lisigeuke kijani. Maji ni yale yale, lakini yashuke zaidi: mwagilia mara moja kwa siku kwa wingi badala ya mara mbili kwa uchache, ili mzizi uyafuate chini.

Mimea miwili au mitatu iliyotoa maua usiing'oe. Vitumba vyake vya mbegu vya kijani, vikiwa bado vinakatika kwa ukucha, vinaliwa vibichi au kukaangwa na kitunguu. Ukitaka mbegu, iache hadi vitumba vikauke na kuwa rangi ya majani makavu, ukichagua mimea iliyochelewa kutoa maua, maana inayowahi inazaa watoto wanaowahi. Ikiwa pakiti yako imeandikwa F1, yaani mbegu chotara, usijisumbue, kizazi cha pili hakitafanana na cha kwanza. Mbegu zilizokauka zihifadhi kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, pamoja na kijiko cha mchele uliokaangwa mkavu na kupoa ili unyonye unyevu, mbali na jiko na mbali na bati. Andika mwezi na mwaka juu ya chupa.